Simu inamaliza chaji tangu uiapdeti? Ipime kwanza, betri utanunua baadaye

Mzee mmoja mvuvi wa Katonga alifika kibandani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, simu mkononi, hasira usoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya harakaharaka, kisha akaitua simu mezani kama anayerudisha samaki walioharibika. "Fundi, hii ilileta ujumbe wa kuapdeti, kijana wangu akabonyeza. Tangu siku hiyo nikiingia nayo ziwani jioni, dagaa hawajapanda hata kwenye taa, imezima. Niwekee betri mpya."

Sikumwekea. Betri yake ilikuwa nzima, na kilichokuwa kinaila chaji nitakieleza mbele, maana kinawasumbua wengi wetu huku ufukweni kuliko wanavyodhani. Kama simu yako ilikuwa inakaa na chaji vizuri, ikaapdetiwa, na sasa haifiki jioni, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usirukie ya mwisho kwa kuwa jirani aliifanya ikamponya. Ukibadilisha mambo matano kwa mpigo, simu hata ikipona hutajua lipi lilikuwa tatizo, na apdeti ijayo itakukuta palepale.

Hatua ya 1: Ipe usiku mzima kwenye chaji, usiiguse

Apdeti haimaliziki pale simu inapowaka tena na kukukaribisha. Kwenye Android, programu zako hupangwa upya ndani kwa ndani ili ziendane na mfumo mpya, galari huanza kuzipitia picha zako zote, na Play Store hushusha matoleo mapya ya programu moja baada ya nyingine. iPhone nayo hujenga upya orodha yake ya kutafutia vitu na kuzichambua picha. Kazi hizi ndizo zinazoichemsha simu siku ya kwanza na ya pili, na kwa kawaida huisha ndani ya siku chache.

Shida ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hizo hungoja wakati maalum: simu iko kwenye chaji, kioo kimezimwa, hakuna anayeigusa. Sasa tazama tunavyochaji sisi. Mkoa wetu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, na watu tulizoea kuchaji kwa kuvizia: umeme ukirudi unachomeka, unavuta asilimia thelathini, unachomoa unaondoka. Umeme umebadilika lakini tabia imebaki. Na kijijini mtu anapeleka simu kwenye duka lenye sola, inakaa saa mbili, tena imezimwa kabisa ili ijae upesi. Simu ya namna hiyo haipati nafasi ya kumaliza kazi zake. Inazianza, inakatishwa, kesho inazianza tena. Ndiyo maana utamsikia mtu anasema wiki ya pili hii na simu bado ni ya moto.

Basi fanya hivi. Hakikisha kuna nafasi ya kutosha ndani, angalau GB 2 au 3. Futa video za magrupu ya harusi ambazo harusi yenyewe imeshapita. Saa tatu usiku ichomeke, ikiwa imewashwa, juu ya meza au sakafu na si chini ya mto. Vua kava. Kama una Wi-Fi iunge, kama huna acha data ikiwa wazi, ila ujue itakula bando. Uiache mpaka asubuhi. Asubuhi izime, iwashe tena. Zaidi ya nusu ya wanaonifuata kwa jambo hili hurudi kesho yake wakisema imetulia, nami nakosa hela ya kazi, lakini ndivyo ilivyo.

Hatua ya 2: Apdeti na programu zenyewe

Mfumo ni mpya, WhatsApp ni ya mwaka juzi: hawaelewani. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, nenda kwenye kudhibiti programu, uzisasishe zote. Ukiwa na bando dogo anza na WhatsApp, Facebook, TikTok na zile za benki. Halafu rudi kwenye Mipangilio uangalie kama kuna sasisho jingine dogo la mfumo linalosubiri. Watengenezaji wakigundua wameharibu, mara nyingi hutoa jingine la kurekebisha ndani ya wiki chache. Lichukue hilo hata kama apdeti imeshakutia woga.

Hatua ya 3: Ipime siku tatu usiku

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na watu wengi huidharau kwa sababu haina fundi ndani yake. Chukua karatasi na kalamu. Kila usiku saa nne andika asilimia ya chaji, na asubuhi saa kumi na mbili andika tena. Simu isiwe kwenye chaji, na usiichezee katikati. Anza kila usiku ikiwa na chaji inayokaribiana, sema juu ya 90.

Usiku wa kwanza iache kama unavyoitumia siku zote: laini zote, data, kila kitu.

Usiku wa pili iweke katika hali ya ndegeni, Wi-Fi nayo iwe imezimwa. Kengele ya kukuamsha italia kama kawaida, ila waambie wa nyumbani hutapatikana, wasije wakadhani limekupata jambo.

Usiku wa tatu ondoa hali ya ndegeni ili laini zirudi, lakini zima data na Wi-Fi.

Yule mzee nilimpa kazi hii, akanung'unika, akakubali kwa kuwa ilikuwa mbalamwezi na hawakuwa wakiingia ziwani. Alirudi na namba zake ameziandika nyuma ya risiti ya mafuta ya injini: usiku wa kwanza 96 ikawa 41. Wa pili 95 ikawa 92. Wa tatu 97 ikawa 49.

Zisome namba hizo polepole. Simu yake ina betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Usiku wa kwanza imepoteza asilimia 55 kwa saa nane, yaani mAh 2750, wastani wa karibu mAh 340 kila saa ya usingizi. Huo ni ulaji wa simu iliyowashwa kioo mtu anaperuzi. Usiku wa ndegeni imepoteza asilimia 3 tu, mAh 150, chini ya mAh 20 kila saa. Betri iliyochoka haifanyi hivyo. Betri iliyochoka hukuangusha usiku wote, iwe ndegeni au nchi kavu. Na usiku wa tatu, data ikiwa imezimwa, imeanguka karibu sawa na wa kwanza. Maana yake mlaji si WhatsApp wala TikTok. Ni laini.

Na yako isome vivyo hivyo. Ikianguka sana hata ndegeni, mlaji yuko ndani ya simu yenyewe: programu iliyokwama au betri iliyochoka, nenda hatua ya 7 na ya 8. Ikitulia ndegeni na kuanguka ule usiku wa laini bila data, soma hatua ya 4. Ikitulia usiku wa pili na wa tatu lakini ikaanguka wa kwanza, kuna programu inatumia intaneti usiku kucha, nenda ya 5. Na kama usiku zote tatu haipotezi zaidi ya asilimia tano hadi nane, simu haina ugonjwa, ni matumizi ya mchana na kioo, soma ya 6.

Hatua ya 4: Laini, minara, na mpaka

Simu inapokaa karibu na mnara huzungumza nao kwa sauti ya chini. Ikiwa mbali, au mlima umekaa katikati, hupaza sauti, na kupaza sauti ni chaji. Ikikosa mnara kabisa huanza kutafuta: inapita masafa yote inayoyajua, inapumzika kidogo, inarudia. Hakuna kinachomaliza betri ya simu iliyolala kama utafutaji huu.

Sasa sisi tumekaa wapi? Mji umejikunja kwenye ghuba, vilima vimeuzunguka. Ukienda kaskazini, vijiji kama Mtanga na Mwamgongo viko chini ya kingo za milima, mbele yao ni maji. Mtu wa Dar es Salaam akisoma kwamba laini haili chaji, kwake ni kweli. Kwa mtu wa Mwamgongo si kweli. Na ziwani ni zaidi: mnara wa 2G wa kawaida una kikomo cha kilomita 35 hata kama hakuna kinachoukinga, kwa sababu ya namna unavyohesabu muda wa mawimbi kwenda na kurudi. Ziwa letu la Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. Mtumbwi ukishapita kikomo hicho, simu imebaki kupiga kelele peke yake gizani.

Apdeti inaingiaje hapo? Kwa njia mbili. Ya kwanza, sasisho la mfumo huja pia na programu ya redio, ile sehemu inayozungumza na minara, na tabia yake inaweza kubadilika. Ya pili, na ndiyo ninayoikuta zaidi, kuna mipangilio ya laini uliyoiweka mwenyewe zamani ambayo baada ya apdeti unaikuta imerudi ilivyotoka kiwandani.

Simu ya mzee ilikuwa na laini mbili. Ya kwanza ya hapa nyumbani. Ya pili ya Burundi, anayoitumia akienda Rumonge kwa biashara na shemeji zake. Kijana wake aliwahi kuizima kwenye mipangilio, baba akasahau kabisa kwamba imo. Baada ya apdeti ikawa imewashwa tena. Iko Katonga, mtandao wake hauuoni, basi inautafuta usiku na mchana. Niliizima mbele yake, ikachukua sekunde kumi. Akaniuliza, "Basi?" Nikamwambia basi, mzee. Akatazama kitochi chake, kile kisimu kidogo cha vitufe, akaitazama smartiphone, akasema ndiyo maana kitochi hakimpi presha.

Wewe fanya hivi. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, kisha kadi za SIM. Kila laini ina kitufe chake cha kuwasha na kuzima. Laini usiyoitumia leo izime hapo, hata kama imo ndani ya simu. Hii ni pamoja na ile iliyofungwa kwa kukosa usajili wa alama za vidole, ile ya mtandao usioshika mtaani kwenu, na ile ya ng'ambo.

Halafu angalia aina ya mtandao unaopendelewa. Simu nyingi mpya hurudi kwenye 5G au kujichagulia. Pale unapolala na kushinda, kama 5G haipo, weka 4G. Kama 4G yenyewe inashika kipau kimoja na kupotea, jaribu 3G kwa usiku mmoja upime. Intaneti itapungua kasi, ila simu itaacha kurukaruka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na kurukaruka huko nako kuna gharama yake.

Kwa walio karibu na mpaka, Kagunga na huko, kuna jambo la ziada. Simu ikikosa mnara wetu hudaka wa Burundi. Utajua kwa saa: ikirudi nyuma saa moja ghafla, umeshavuka mpaka bila kutoka kitandani, maana wenzetu wa Burundi na wa mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Zima matumizi ya data ukiwa nje ya nchi, kisha nenda kwenye kuchagua mtandao, ondoa kujichagulia kiotomatiki, uchague kampuni yako kwa mkono. Na saa nayo iwekee ukanda wa Afrika Mashariki kwa mkono, usije ukachelewa boti. Ila ukisafiri kumbuka kurudisha kiotomatiki. Nimeshaletewa simu "mbovu" iliyotoka safari, kumbe mwenyewe aliifunga kwenye mtandao ambao kule alikokwenda haupo.

Na wavuvi: ndani ya ziwa simu kubwa iweke ndegeni au izime, ubaki na kitochi chenye chaji kwa ajili ya dharura. Usizime zote mbili.

Hatua ya 5: Programu inayokesha

Mipangilio, Betri, Matumizi ya betri. Utaona orodha ya programu na asilimia zake. Watu huangalia ya kwanza tu na kuilaumu. Usiangalie hivyo. Kama umetazama TikTok saa tatu, TikTok kuwa juu si ajabu. Cha kutafuta ni programu iliyotumika sana nyuma ya pazia: gusa jina lake, itakuonyesha muda ulioitazama na muda iliofanya kazi peke yake. Umeitazama dakika mbili, yenyewe imefanya kazi saa sita: huyo ndiye.

Ukimpata, ndani ya ukurasa huohuo kuna sehemu ya kumruhusu au kumzuia kutumia betri akiwa nyuma. Mzuie. Facebook, michezo, programu za kuhariri picha, zote zizuie bila huruma. WhatsApp usiizuie, ujumbe utaanza kuchelewa na utagombana na watu. Badala yake fungua mipangilio ya WhatsApp yenyewe: zima kujishushia picha na video kwa data, na nakala rudufu ya soga iweke kila wiki badala ya kila siku, kwa Wi-Fi tu. Nakala iliyokwama kwa bando kuisha katikati hujaribu tena na tena, na ukiwa na soga za miaka mitano na video zake ni mzigo.

Simu za Tecno, Infinix, itel na Redmi zina mahali pengine pa ziada panapoorodhesha programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe. Pitia hapo pia, utakuta zimeruhusiwa ambazo wewe hukuziruhusu.

Ukiona Huduma za Google Play ziko juu kabisa, usijaribu kuzifuta. Mara nyingi tatizo ni akaunti inayoshindwa kuingia. Angalia kama kuna tangazo linalodai nywila yako tangu siku ya apdeti, na ambalo umekuwa ukilifagia tu kila siku. Jaza, ngoja nusu saa. Kingine ni ruhusa ya mahali ulipo: kuna programu za mikopo na tochi zimepewa ruhusa ya kujua ulipo wakati wote. Tochi inataka kujua uko wapi kwa kazi gani?

Kisha programu za kuokoa betri. Dada mmoja anayeuza mawese alikuwa nazo tatu, zote zenye picha ya umeme na roketi, alizoweka baada ya apdeti ili zimsaidie. Kila moja ilikuwa inazifunga programu nyingine, zile zikijiwasha tena, hii ikizifunga tena, na katikati matangazo ya video. Ni kama walinzi watatu wanaofukuzana uani. Tuliziondoa zote, akarudi kuona jioni na asilimia 40. Simu yako ina kiokoa betri chake cha kuzaliwa nacho, kinatosha. Na ile tabia ya kufagia programu zote kwenye kioo kila dakika, iache. Kuianzisha programu upya kunakula zaidi ya kuiacha imelala.

Hatua ya 6: Kioo

Hapa nitakwenda haraka. Baada ya apdeti angalia kama mwangaza umerudi juu, kama muda wa kioo kujizima umekuwa dakika kumi, kama kasi ya kioo kubadilisha picha imerudi kwenye hezi 90 au 120 badala ya 60, na kama saa inabaki ikiwaka kioo kikiwa kimezimwa. Rudisha ulivyozoea. Kuhusu kuweka rangi nyeusi: inasaidia kwenye vioo vya AMOLED tu, ambavyo sehemu nyeusi haiwaki. Simu nyingi za bei ya chini zina kioo cha LCD, taa yake ya nyuma inawaka hata ukitazama giza.

Hatua ya 7: Kusafisha ndani

Kwanza jaribu hali salama, ambapo simu huwaka na programu za kiwandani tu. Kwenye simu nyingi za Android unabonyeza kitufe cha kuzimia, halafu unakandamiza kwa muda neno la kuzima mpaka iulize. Pima usiku mmoja humo ikiwa pia ndegeni. Ikitulia, mkosaji ni programu uliyoiweka mwenyewe. Anza kuondoa za karibuni. Isipotulia, endelea.

Baadhi ya simu, hasa Samsung, zina sehemu ya kufuta mabaki ya mfumo wa zamani bila kugusa vitu vyako. Unaizima simu, unaiwasha kwa kushika kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwashia. Samsung mpya hukubali tu ikiwa imeunganishwa na kompyuta kwa waya. Menyu itakuja kwa Kiingereza. Unayoitaka imeandikwa "Wipe cache partition". Jirani yake imeandikwa "Wipe data/factory reset", na hiyo hufuta kila kitu. Mistari hiyo inakaa karibu karibu, na unasogea kwa vitufe vya sauti, kwa hiyo usifanye kazi hii ukiwa na haraka au ndani ya daladala.

Kurudisha simu kiwandani ndiyo dawa kali, na mara nyingi hutibu simu iliyoapdetiwa vibaya. Lakini kabla ya kuigusa nijibu swali moja: nywila ya akaunti yako ya Google unaijua? Si ya kufungulia kioo. Ya akaunti. Huku kwetu wengi walifunguliwa akaunti na aliyewauzia simu, kwa jina lolote lililomjia, na hawajawahi kuiona tena. Ukifuta simu kupitia ile menyu ya Kiingereza, ikiwaka itadai akaunti ileile iliyokuwemo. Usipoijua, umebaki na kioo kinachong'aa. Basi fungua Mipangilio, Akaunti, soma jina lake, jaribu kuingia nayo kwenye simu nyingine. Ikigoma, badili nywila sasa, wakati simu bado inakutambua. Majina ya watu yahamishie kwenye akaunti hiyo, soga za WhatsApp zifanyie nakala, picha zihamishie kwenye kadi au kompyuta. Hela za kwenye simu hazipotei, ziko kwenye laini yako kwa mtoa huduma.

Ukisharudisha kiwandani, usirejeshe programu zote siku hiyo. Weka WhatsApp na simu za kawaida tu, ishi nazo siku mbili, pima. Halafu ongeza nyingine.

Hatua ya 8: Betri, na mwishowe fundi

Wakati mwingine apdeti inasingiziwa. Betri ilikuwa inachoka taratibu, mfumo mpya ukaja na mzigo mkubwa zaidi, ikashindwa. Dalili ni simu kuzima ikiwa na asilimia 20 au 30, namba kuruka kutoka 60 hadi 45 kwa simu moja ya dakika tatu, na kuanguka hata ndegeni. Kwenye iPhone, Mipangilio, Betri, Afya ya betri itakupa namba. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko kamili 500 ya kuchaji, na za iPhone 15 kuja mbele baada ya 1000. Ikisoma chini ya 80, usihangaike na mipangilio. Baadhi ya Android nazo zina ukurasa wa afya ya betri. Zisizo nao, karatasi yako ya siku tatu inatosha.

Kama namba zinaruka lakini simu haizimi, huenda ni kipimo tu kimepotea. Iache ishuke mpaka ijizime, ichaji bila kukatisha hadi 100. Mara moja. Usifanye mazoea, betri za lithiamu hazipendi kukaushwa.

Kama mgongo wa simu umeinuka au kioo kinaachana na fremu, betri imevimba. Acha kuichaji hapohapo, usiibonyeze, usiitoboe, ilete.

Ukinunua betri, ishike mkononi. Maandishi ya mAh hayana ushahidi, uzito unao. Iliyoandikwa 5000 ikiwa nyepesi kama ile ya kitochi, muuzaji akae nayo.

Na wale wanaotaka turudishe mfumo wa zamani kwa kuflashi, yaani kuupakia upya kwenye simu: inawezekana kwa baadhi ya simu, nyingine zimefungwa zisirudi nyuma na ukilazimisha hazitawaka tena. Vitu vyako vyote vitafutika. Kama umeamua, kabla hujamkabidhi fundi, mimi au mwingine, piga *#06# uziandike namba za IMEI (za utambulisho wa simu yenyewe) zinazotokea, uzilinganishe na za kwenye boksi. Ukiipokea simu piga tena hapohapo mbele yake. Zikiwa zimebadilika au zimekuwa sufuri tupu, usiipokee wala usilipe, maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishazizima simu zenye IMEI bandia mwaka 2016 na yako inaweza kufungiwa ukabaki unatumia kama saa ya ukutani. Mwambie azirudishe namba zako zilezile, ukae kwenye benchi mpaka uzione.